Kupata watu wako katika vikundi vya kupona uraibu

Kuna mtu ambaye huhudhuria kikundi cha kupona wiki baada ya wiki, hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na sala ya mwisho ikianza mawazo yake yameshafika nyumbani. Halafu siku moja haonekani tena. Ukikutana naye atakwambia, "Nilijaribu vikundi, havikunisaidia." Simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba alichokifuata hakimo ndani ya ile saa moja ya mkutano. Kimo katika robo saa kabla haujaanza, nusu saa baada ya kwisha, na simu zinazopigwa katikati ya wiki. Mimi ni mlevi ninayepona, na nimekaa kwenye vyumba hivi muda wa kutosha kuona nani hubaki na nani hupotea. Mwongozo huu unahusu zaidi hizo dakika za pembeni.

Kabla ya yote, mwili

Kikundi si wodi. Aliyekuwa akinywa pombe nyingi kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine hufuatiwa na kutetemeka, kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, hali ambayo isipotibiwa huweza kuua. Wanaotumia kwa muda mrefu vidonge vya kutuliza au vya usingizi vya jamii ya diazepamu wako kwenye hatari hiyohiyo. Kwa hiyo mwone daktari kabla hujaacha, mtajie kiasi halisi unachotumia bila kukipunguza kwa aibu, kisha nenda kikundini.

Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unapoacha heroini, kwa kawaida haiui yenyewe, ingawa inatesa na kuukausha mwili maji. Kinachoua wengi ni kurudia dozi ya zamani baada ya kukaa wiki kadhaa bila kutumia, kwa kuwa mwili hauihimili tena.

Hatua ya 1: Jua unabisha hodi kwa nani

Vikundi vingi unavyovisikia vina asili yake katika Alcoholics Anonymous, AA kwa kifupi, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, Marekani. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, alikuwa na miezi michache tu bila pombe. Biashara iliyompeleka mji ule ikaharibika, akajikuta kwenye ukumbi wa hoteli, huku baa, huku simu. Akachagua simu, akaanza kumtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mwishowe akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumsikiliza kwa dakika 15 tu, nao wakazungumza mpaka usiku. AA huhesabu kuzaliwa kwake tangu tarehe 10 Juni 1935, siku Dkt. Bob alipokunywa kwa mara ya mwisho. Hapakuwa na ukumbi, ratiba wala kitabu. Palikuwa na simu na mtu wa pili.

Narcotics Anonymous, yaani NA, ilianza California mwaka 1953 kwa watumiaji wa dawa za kulevya za kila aina, nayo huihesabu pombe kuwa mojawapo. Gamblers Anonymous ya wacheza kamari ni ya 1957. Ndugu na wenzi wa walevi wana Al-Anon tangu 1951, na msaada wake haungoji mlevi wao aache kunywa. Hizi zote hufuata Hatua Kumi na Mbili, mpango wa kupona ulioanzia AA, ambazo humtaja Mungu na kumwachia kila mtu namna yake ya kumwelewa. Hapo likikukwama koo, ipo SMART Recovery, iliyoanza 1994, isiyo na hatua wala sala. Inatumia mazoezi ya kubadili fikra na mazoea yaliyotoka kwenye saikolojia. Women for Sobriety, ya 1975, ni ya wanawake. Millati Islami, iliyoanza Baltimore mwaka 1989, iliziandika upya hatua zile kwa misingi ya Kiislamu.

Ushauri wangu ni kwamba usipoteze wiki tatu ukilinganisha falsafa. Nenda kwenye kikundi kilicho karibu nawe na kinachokutana wiki hii.

Anayetaka ushahidi kwanza, upo. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Katika kuacha pombe moja kwa moja, tiba za kumwingiza mtu AA zilikuwa sawa na tiba nyingine zinazokubalika, na mara nyingi zikazipita. Watafiti walipochimba ni nini hasa kinachofanya kazi, mojawapo ya majibu yaliyojitokeza wazi ni kubadilika kwa watu wanaokuzunguka: wanywaji wanapungua, wasiokunywa wanaongezeka. Mikono yako ndiyo itakayoyaleta mabadiliko hayo, na hatua zinazofuata ni za kazi hiyo.

Hatua ya 2: Uliza kabla hujaenda

Piga namba ya kikundi au angalia ratiba yake. Mkutano wa wazi huruhusu yeyote, hata ndugu yako anayetaka kukusindikiza. Wa ndani ni wa wenye tatizo peke yao. Uliza kama ni mkutano wa kumsikiliza mzungumzaji mmoja au wa kushea, yaani kila mtu kueleza yake, kwa zamu. Kwa mwoga, ule wa mzungumzaji ni mwepesi zaidi kuanzia. Uliza pia kama wapo wa jinsia yako na wa rika lako, maana kuwa kijana peke yako katikati ya wazee, au mwanamke peke yako katikati ya wanaume, kunachosha haraka.

Hakuna ada. Hakuna fomu. AA haidai kwa mwanachama ila nia ya kuacha kunywa, na huhitaji kuithibitisha kwa mtu.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza

Fika robo saa mapema. Ukikuta mkutano umeshaanza utapata kiti, lakini hutapata mtu. Mwendee yule anayepanga viti au anayeweka vitabu mezani, umwambie, "Habari, mimi ni mgeni, ndiyo mara yangu ya kwanza." Vikundi vingi humpangia mtu kazi ya kupokea wageni, naye asipojua kwamba wewe ni mgeni hana la kufanya.

Mkutano wenyewe una mpangilio unaofanana karibu kila mahali. Mwenyekiti, ambaye ni mwanakikundi tu aliyefikiwa na zamu, anafungua. Karatasi zilizovikwa plastiki, pembe zimechakaa kwa kushikwa na mikono mingi, zinagawiwa na watu wachache wanasoma kwa sauti. Kisha watu wanajitaja: "Naitwa fulani, mimi ni mlevi," na chumba kizima kinaitikia, "Karibu, fulani." Hulazimiki kujiita chochote. Sema, "Naitwa Juma, leo nitasikiliza tu," na zamu itapita kwa anayefuata. Jina moja linatosha, la baba huulizwi. Kikapu cha michango kikikufikia kipitishe, mgeni hatarajiwi kutoa.

Kuna jambo moja linalowaumiza wageni, na ni vizuri ulijue mapema. Siku utakayopata ujasiri wa kushea, ukasema usilowahi kulitamka mbele ya mtu, labda kwamba uliuza simu ya mama yako au kwamba mtoto alikukuta umelala kizingitini, chumba kitasema "Asante," na jirani yako ataanza habari zake kana kwamba hukufungua mdomo. Utahisi umepuuzwa. Kumbe ni utaratibu: mkutanoni hakuna kujibizana, kupeana ushauri wala kusahihishana, ili kila mtu aseme lake bila kuogopa kuhojiwa. Jibu lako lipo. Linakuja mkutano ukishafungwa, pale mlangoni, mtu anapokuvuta pembeni na kukwambia, "Ile habari ya mtoto, hata mimi yalinikuta." Ukiwa umeshatoka mbio, jibu hilo anabaki nalo mwenyewe.

Kwa hiyo mkutano ukiisha usiondoke. Kunja viti viwili vitatu. Anayekunja viti haulizwi anangoja nini.

Hatua ya 4: Chukua namba, na piga kabla hujahitaji

Usitoke siku hiyo bila namba mbili za simu. Wengine watakupa bila kuombwa, wakisema "piga wakati wowote," nawe utaitikia huku ukijua hutapiga. Karibu kila mgeni yuko hivyo. Dawa yake ni kupiga siku ambayo huna shida yoyote, kesho yake tu, mchana kweupe, dakika mbili:

"Mzee Musa, shikamoo."
"Marahaba. Nani mwenzangu?"
"Ni Juma, tulionana jana kikundini."
"Ee, Juma! Umeamkaje?"
"Salama. Sina neno, nimepiga tu kama ulivyoniambia."
"Umefanya la maana. Jioni uko wapi?"
"Nyumbani."
"Basi nitakubipu saa moja. Ukiwa na neno, utaniambia."

Basi, hayo tu. Yanaonekana mazungumzo ya bure, lakini ndiyo yanayofungua njia. Usiku ambao hamu itakubana, hutampigia mtu ambaye hujawahi kusikia sauti yake kwenye simu. Utampigia uliyemzoea.

Usiku huo ukifika, usianze na historia wala kuomba radhi. Sema ulipo na unachotaka kufanya: "Niko nje ya baa, nataka kuingia." Atajua la kukuuliza. Asipopokea, piga wa pili, kisha wa tatu, na ndiyo maana orodha inatakiwa ikue kila wiki. Wala usijione mzigo. Anayepokea simu yako naye anasaidika. Wilson hakupiga simu ile kwa ajili ya daktari asiyemjua, alipiga ili yeye mwenyewe asinywe.

Vikundi vingine vina kundi la WhatsApp. Ni zuri kwa ratiba na salamu za asubuhi, ila lisichukue nafasi ya simu. Ni rahisi kuandika "niko poa" huku chupa iko mkononi. Sauti hudanganya kwa shida zaidi.

Hatua ya 5: Zunguka, kisha tulia

Kikundi kimoja kibaya si AA yote wala NA yote. Ushauri wa kawaida ni kuhudhuria mikutano kama sita hivi, ikiwezekana ya vikundi tofauti, ndipo uamue. Wengine watakuambia uende mikutano 90 kwa siku 90. Kama una nafasi, vizuri sana. Kama una kazi ya zamu na watoto wadogo, usikubali ratiba ikuvunje, lakini miezi ya mwanzo nenda mara nyingi kuliko unavyodhani unahitaji.

Unapozunguka, usiangalie uzuri wa jengo. Angalia kama mgeni anasalimiwa. Angalia kama wapo waliokaa soba, yaani bila kilevi, miaka mingi na bado wanakuja, na kama wapo wa wiki ya kwanza. Kikundi cha wakongwe watupu hupiga soga, na cha wageni watupu huyumba. Sikiliza kama watu wanacheka. Kicheko cha walevi wanaopona juu ya mambo waliyokuwa wakiyalilia huwashangaza wageni, lakini mimi hukichukulia kuwa kipimo kizuri cha afya ya chumba. Na ukiona mtu mmoja anaamua kila kitu, anajua nani amefanya nini na nani aolewe na nani, pole pole tafuta mlango mwingine.

Ukishapata panapokufaa, pafanye kikundi chako cha nyumbani. Maana yake ni kwamba utakuwepo siku ileile, saa ileile, kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Kuzurura vikundi kumi kunakupa mikutano mingi lakini kunakuacha bila mtu wa kukuulizia. Unatafuta mahali ambapo usipoonekana Jumanne, Jumatano simu yako italia.

Hatua ya 6: Omba kazi

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo wanayoiruka wengi. Omba kazi ndogo: kufungua mlango, kupanga viti, kuchemsha chai, kugawa karatasi za kusoma, kusimama mlangoni na kuwapa watu mkono. Uenyekiti na uweka hazina kwa kawaida husubiri mtu akae soba kwa muda fulani, lakini viti havina masharti. Wa siku ya tatu anaweza kuvipanga.

Kazi inafanya mambo ambayo maneno hayawezi. Inakulazimisha kufika mapema. Mikono inapata shughuli, kwa hiyo aibu inapungua. Watu wanakuja kwako kuuliza ufagio uko wapi, na kabla hujajua umeshazungumza na watu wanane. Tena siku ambayo moyo unakataa kwenda, utaenda kwa sababu ufunguo uko kwako na watu watasimama nje. Nimewaona watu wasemao maneno kumi kwa mwezi wakawa ndio wanaojulikana kuliko wote kikundini, kisa birika.

Hatua ya 7: Tafuta sponsa

Sponsa ni mwenzako aliyetangulia, ambaye atakupitisha kwenye zile Hatua Kumi na Mbili, moja baada ya nyingine, na ambaye utamwambia ukweli wote. Mtafute kwa kusikiliza. Usivutiwe na msemaji mzuri. Mtazame yule ambaye maisha yake ya sasa ungeyataka. Awe na muda wa kutosha bila kilevi, awe ameshazipitia hatua mwenyewe, na naye awe na sponsa wake. Desturi ni mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, au kwa jumla mtu ambaye baina yenu hapataingia mapenzi.

Kuomba ni rahisi kuliko kunavyoonekana: "Naomba uwe sponsa wangu, hata kwa muda tu wakati nikiendelea kutafuta." Hilo neno "kwa muda" humpunguzia kila mmoja uzito. Akikataa, mara nyingi ni kwa sababu tayari anao wengi. Muulize anamwonaje fulani.

Sponsa si daktari, si mshauri wa ndoa, na si benki. Ukimbadilisha hujamkosea.

Mipaka ya kushika mapema

Usikopeshe wala kukopa kikundini. Katika mwaka wa kwanza, jihadhari na anayekufuatafuata kimapenzi kwa kisingizio cha kukusaidia. Kila kikundi chenye watu kina watu wa namna hiyo, na mgeni ndiye windo lao. Ukikutana naye mwambie mkongwe wa jinsia yako siku hiyohiyo.

Dawa ulizoandikiwa na daktari haziachwi kwa kauli ya mwanakikundi, hata awe na miaka 30 ya kupona. AA yenyewe huwaambia wanachama wake wasijifanye madaktari. Wanaotumia methadoni, dawa inayotolewa hospitali badala ya heroini, wajue kwamba baadhi ya vikundi vya NA huwaomba wasikilize bila kushea. Ukikuta hivyo, usiache methadoni, badilisha kikundi.

Unayoyasikia humo yabaki humo, pamoja na majina ya uliowaona. Ukikutana na mwenzako barabarani akiwa na familia yake, msalimie kama jirani. Ila na wewe pima unachokisema. Kikundi si kanisa la kuungama wala si mahakama, na makosa yanayoweza kukupeleka kwa polisi ni ya kumwambia wakili kwanza.

Ukiteleza

Rudi kwenye mkutano unaofuata, usisubiri mpaka uwe na sura nzuri. Mpigie sponsa kabla aibu haijatunga hadithi. Kikundini sema kwa kifupi: "Nilikunywa Ijumaa, leo ni siku ya pili." Vikundi vinavyotoa sarafu au kibanio cha funguo kwa siku 30, 60, 90 na mwaka, vina pia ile ya kuanzia, na wapo wenye miaka kumi leo ambao waliichukua mara kadhaa. Hutafukuzwa. Ukikuta unasimangwa, hicho ni kikundi kibovu, rejea hatua ya 5.

Kwa waliokuwa wakitumia unga, kuteleza baada ya kukaa bila kutumia ndiyo saa ya hatari niliyoitaja juu. Mwambie mtu kabla, si baada, na kama naloksoni, dawa ya dharura ya kumwokoa aliyezidisha unga, inapatikana ulipo, iwepo karibu na ijulikane na unayeishi naye.

Kama hakuna kikundi karibu

Ipo mikutano ya mtandaoni, ya sauti na ya video, karibu kila saa ya mchana na usiku. Itumie kwa kanuni zilezile: ingia mapema, baki wenyeji wakishafunga, omba namba, omba kazi ya kusoma au ya kupokea wanaoingia. Ukikaa na kamera imezimwa na kutoka mkutano ukiisha, ni kiti cha nyuma kilekile.

Au anzisha. Kwa desturi za AA, walevi wawili au watatu wanaokutana ili wabaki soba wanaweza kujiita kikundi, mradi hawafungamani na taasisi nyingine. Mtafute mmoja, labda mliyetoka naye hospitali au nyumba ya kupata nafuu. Chagueni chumba kisicho cha mtu binafsi, kwa sababu mkikutana kwa fulani, ugomvi na fulani utaua kikundi. Wekeni siku moja na saa moja, na msizibadilishe hata kwa sababu nzuri. Andikieni ofisi ya huduma ya AA au NA ya nchi yenu mpate vitabu na muingizwe kwenye ratiba, kisha wapeni namba yenu daktari wa karibu, mchungaji, imamu na mganga wa zahanati. Miezi ya mwanzo kuna siku utakaa peke yako. Soma ukurasa uliopangwa kwa siku hiyo, kaa mpaka saa iishe, ndipo ufunge mlango, maana wapo wanaozunguka jengo mara mbili tatu kabla ya kuthubutu kuingia, na wengine huingia zikiwa zimebaki dakika tano.